Kiroboto Atolewe Sadaka

9 Februari

Kwa Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Na ya Chiriku pokea pia, mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na maneno yanamtoka kama upepo wa mlangoni, lakini hayajapungua hata kidogo. Sisi hatujambo. Paa la jikoni limezibwa, mvua ikinyesha hatuhamishi tena masufuria. Yule bibi wa jirani aliyekuwa akikuulizia kila mara amehamia kwa mwanawe, na Baba ndiye aliyembebea kabati na vitanda. Barua yako ya mwaka mpya tuliipata. Mwandiko wako umependeza siku hizi, herufi zimejipanga kama watoto wa shule mstarini. Nilimwambia Baba kwamba uzee umekutia adabu ya kalamu, akacheka mpaka akakohoa.

Sasa jambo lenyewe. Ni macho ya Baba.

Kiroboto unamjua kuliko mimi, maana mlimnunua pamoja kabla sijaanza shule, na ni wewe uliyempa jina hilo kwa vile pikapu ile ndogo hurukaruka ikiwa haina mzigo. Bado inabeba. Baba bado anahamisha watu nyumba, makochi juu, magodoro juu ya makochi, kamba kila upande. Lakini mwezi uliopita alikwaruza geti la mwenye nyumba mmoja kule mtaa wa juu. Aliposhuka akasema geti limesogezwa. Chai anaimimina pembeni ya kikombe. Mtu akimjia kwa ubavuni anashtuka kama mtu huyo kazuka ardhini. Halafu mpe sindano mbele ya pua, anaitia uzi mara moja na kuniuliza nani kasema haoni.

Nimemletea wanunuzi wawili, mmoja baada ya mwingine. Wote aliwafukuza kwa heshima, ila aliwafukuza. Na hata akiuza, namjua: atanunua jingine kabla jua halijazama.

Mimi kazini, kule tunakofua mashuka, nimepata mapumziko kidogo, ndiyo maana niko nyumbani na ninayaona haya. Tafadhali mwandikie. Dunia nzima ana mtu mmoja tu anayemsikiliza, naye ni wewe, mdogo wake aliyemlea.

Binti yako


24 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya Chiriku iongezee busu. Nimechelewa kujibu. Posta ya huku nayo ina mambo yake, barua zinakaa kama wageni wasiojua kuaga. Mimi ni mzima wa kutosha. Joto limezidi. Saluni ni ile ile, vichwa havijaisha duniani na nywele haziachi kuota, kwa hiyo kinyozi hana cha kulalamika.

Habari ya kaka nimeisikia na haikunipitia juu juu. Nikuulize. Je, anagonga bega kwenye fremu ya mlango aliopita maisha yake yote? Akishuka ngazi, anapapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga? Ukiweka glasi mezani, si mbele yake bali kando, anaiangusha? Kama ni ndiyo, mwanangu, basi si uzee, na si miwani itakayomsaidia. Mpeleke kwa daktari wa macho, si wa mapafu, si wa kila kitu. Wa macho. Usimsubiri akubali.

Na gari umesema kweli, asiuze. Kaka akiuza kitu huona ameshindwa, na akishindwa hutafuta pa kushinda. Lakini hajawahi kumnyima mtu aliyemwomba. Unakikumbuka kile kituo cha hisani kinachouguza watu majumbani, waliotuazima kitanda cha chuma mama yako alipolala miezi ile ya mwisho? Walikileta kwa mkokoteni wa kukodi, nakumbuka kaka aliniandikia jinsi alivyoona aibu kwa niaba yao. Waambie waje wamwombe Kiroboto. Awape yeye, kwa mkono wake. Mtu hanyang'anywi alichokitoa.

Ila mimi usinitie katikati. Sitamwandikia. Usiniulize sababu.

Baba yako mdogo


2 Mei

Baba mdogo,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu kwa uhai. Chiriku ameanza kusoma, anasoma kila kitu, hata mifuko ya unga na mabango ya waganga, kwa sauti.

Maswali yako yote jibu ni ndiyo. Sijui uliyatoa wapi. Kwa daktari amekataa kwenda, anasema daktari hamtafutii mtu dawa, humtafutia ugonjwa.

Nami nikuambie nilichokuficha. Sikupata mapumziko kazini. Niliacha. Tangu mwaka jana nakaa na Baba mle ndani ya Kiroboto, mimi ndiye macho yake. Tuna lugha yetu: "kushoto kuna baiskeli", "taratibu, wanafunzi", "simama". Hajawahi kuniambia haoni na mimi sijawahi kumwambia najua. Anasema tu, "Binti yangu anapenda kutembea na mimi," na watu wanasema nina bahati ya baba. Nikipiga chafya barabarani naogopa, kwa sababu muda wa chafya moja gari linakwenda bila mtu. Jioni taya linaniuma kwa kukaza meno. Nilimwomba anifundishe kuendesha. Akasema, "Nikikufundisha wewe, mimi nitakuwa nani humu ndani? Abiria?" Mpaka nyumbani sikumwambia tena ila kushoto, taratibu na simama.

Nilifanya ulivyosema. Sista mkuu wa kituo alikuja, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, akakaa kwenye kiti cha plastiki uani akamweleza Baba kwamba wana wagonjwa upande wote wa bondeni, na mitungi ya hewa na viti vya magurudumu wanavipeleka kwa miguu, na mara nyingine vinafika mgonjwa keshazikwa. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Akamwambia, "Sista, kitanda chenu kilimbeba mke wangu, sijasahau. Lakini gari hili ni la watu wawili. Mdogo wangu akisema litoke, litatoka siku hiyo hiyo."

Umesikia? Ni neno lako tu. Sentensi moja. Sijakuomba kitu kikubwa tangu nizaliwe. Maji yamenifika shingoni, Baba mdogo, na wewe una kamba mkononi.

Binti yako


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia Chiriku anasoma. Mwambie asome polepole, asimalize vitabu vyote akakosa cha kusoma ukubwani.

Barua yako nimeisikia yote, zaidi ya mara moja. Kuhusu kaka siwezi. Nikimwambia atoe gari ataniuliza kwa nini, na tangu tukiwa watoto tunalala kitanda kimoja sijawahi kumdanganya kaka yangu kwa neno la kinywa. Kunyamaza nimenyamaza. Kudanganya bado.

Jaribu njia nyingine. Toa betri. Ficha funguo. Nisamehe.

Baba yako mdogo


8 Julai

Baba mdogo,

Shikamoo. Tuko hai sote watatu.

Naandika kwa ufupi, utaona mwenyewe kwa nini. Betri niliitoa nikaifukia kwenye pipa la mkaa. Baba alifungua boneti, akapapasa, akanyoosha mkono bila kugeuka na kusema, "Ilete." Nikaileta. Funguo nilificha, kumbe ana nyingine.

Sina la zaidi. Ukiutazama mwandiko utaelewa hali yangu.

Binti yako


30 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako imenichekesha, hiyo ya betri. Huyo ndiye kaka niliyekua naye. Ukimfungia mlango anatokea dirishani na kukuuliza umekaa hapo kwa nini. Nimefurahi kuona mambo yametulia, na wewe umepata nguvu ya kutania. Endelea kumvumilia. Pengine wateja watapungua wenyewe na kazi itamwacha kabla yeye hajaiacha.

Huku mvua imewahi. Yule kijana mwembamba wa duka la pili kaoa, harusi ilikuwa ya kelele nyingi. Saluni ni ile ile.

Msalimie Chiriku.

Baba yako mdogo


21 Agosti

Baba mdogo,

Shikamoo naitoa kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu moyo unataka.

Mambo hayajatulia. Sasa mkono umeanza kushika kalamu, acha nikueleze yaliyotokea kabla ya ile barua ya Julai.

Ilikuwa asubuhi. Baba alikuwa anarudisha gari nyuma kutoka uani, mimi nimeshuka kufungua geti. Chiriku alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu la nyuma, anaokota shanga zake zilizomwagika. Niligeuka nikaona gari linamwendea na yeye hana habari. Nilipiga kelele, injini ikazimeza. Nilikimbia nikamsukuma, akaanguka kando kwenye mchanga, mimi nikabaki kati ya bodi na ukuta. Nilisikia mkono ukivunjika kabla ya kusikia maumivu. Jirani ndiye aliyepiga boneti kwa mchi wa kinu mpaka Baba akasimama.

Alishuka. Akanitazama, au akatazama mahali nilipo, sijui. Akasema, "Nilitazama kioo. Hapakuwa na mtu."

Na hakuwa muongo, Baba mdogo. Hicho ndicho kinachoniua. Kwake yeye kweli hapakuwa na mtu.

Na unajua nani alinipeleka hospitali? Jirani alikwenda kutafuta gari mtaani, hakurudi haraka, na mimi nilikuwa nazimia. Baba akaniinua akaniweka kwenye kiti changu. Nilikwenda mkono umening'inia kama nguo ya kufua, Chiriku analia katikati yetu, na mimi nasema, kushoto, breki, Baba simama kuna watu, sasa nenda. Muuguzi alimpongeza kwa kuniwahisha.

Ungedhani basi, ataacha. Hakuacha. Kwa juma zima hakula sawasawa wala hakumgusa mtoto, alikuwa akimwita kwa mbali na kumwambia asimsogelee. Halafu akaanza kutoka peke yake, maana mimi nimefungwa plasta. Anasema lazima mtu alete chakula. Akitoka nakaa kizingitini nasikiliza mtaa. Honi ikilia nasimama. Watu wakipiga kelele, hata kama ni za mpira, nasimama. Nimekwenda kwa askari wa barabarani pale njia panda nikamwomba amkamate. Akacheka, akasema mzee yule alimhamishia nyumba, ni mtu mwema.

Sasa nije kwako. Ile barua ya Julai niliiandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilitapakaa kama kuku kaparua majivu, mstari mmoja umepanda juu ya mwingine. Nilikuandikia "utaona mwenyewe kwa nini". Nilitaka uulize. Nilikuwa kama mtoto aliyejikata, anayenyamaza ili aulizwe. Ukanijibu umefurahi kuona mambo yametulia.

Nililia kwa hasira. Baadaye nikazitoa barua zako zote, mpya na zile za miaka ya nyuma, nikazitandaza kitandani. Mwandiko mzuri niliousifu si wako. Si wa mkono wa mwanamume kabisa. Halafu nikasoma palipoandikwa "nimeisikia yote, zaidi ya mara moja". Hukuandika umeisoma. Nikakumbuka maswali yako ya mlango na ngazi na glasi, maswali ambayo hata muuguzi wa hapa hakuyajua.

Nani anakusomea barua zangu, Baba mdogo?

Mficha maradhi, ile methali ni wewe uliyenifundisha. Sina haja ya kuimalizia.

Binti yako


14 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, hata kama moyo haukutaka.

Anayenisomea na kuniandikia ni mwalimu wa kike aliyepanga chumba cha mbele. Ni mtu wa staha, ameomba niseme kwamba ile barua ya Julai aliona imeandikwa vibaya, akadhani ndivyo unavyoandika ukiwa na haraka, akanisomea bila kusema kitu. Analia sasa hivi na ninamwambia aandike tu.

Mkono wako unanyooka? Nijibu hilo kwanza kabla ya yote.

Mimi sioni. Si kidogo, si pembeni. Nuru ya mlangoni najua ipo, basi. Ilianza kama ya kaka, nikagonga milango na kulaumu milango. Siku moja alikuja karani wa mahakama, mteja wa miaka mingi, anakwenda harusini. Nilimnyoa, nikampangusa, nikamvulia shuka shingoni. Akasema, "Mzee, umemaliza?"

Nikasema nimemaliza.

Akajipapasa kichwani. Halafu akasema taratibu, "Na upande huu?"

Nilikuwa nimemnyoa nusu kichwa, mwanangu. Nusu nyingine imesimama na nywele zake zote, na mimi niko mbele yake na mkasi, nimeridhika. Wengine mle ndani walicheka. Yeye hakucheka. Alinipa mkono, akaongoza mkono wangu mpaka kwenye zile nywele. Tangu siku hiyo saluni sijaifungua. Vichwa bado vipo duniani, lakini havipiti kwangu tena.

Daktari aliniambia ni presha ya macho. Haiumi, inaiba. Huanzia pembeni, inakuja katikati kama mtu anayekunja mkeka, na kilichokwisha kukunjwa hakitandikwi tena. Dawa ipo, ni matone tu, lakini inalinda kilichobaki, hairudishi. Nilikwenda nikiwa sina cha kulinda. Na aliniambia inarithiwa, kama pua.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Kaka alinilea. Nilipougua surua alinibeba mgongoni mpaka zahanati. Angesikia niko gizani peke yangu, angemwasha Kiroboto asubuhi hiyo hiyo aje kunichukua. Safari ya siku mbili, milima, malori, kona zisizo na kingo. Nawe kwenye barua zako za nyuma, kabla hujaja na haya, ulishaandika kwamba anagongagonga vitu, nikashuku yaliyomfika. Basi nikasema nikinyamaza, hataingia barabara hiyo. Nimenyamaza ili asiendeshe, kumbe kunyamaza kwangu ndiko kulikomwacha anaendesha, mpaka mfupa wako ukavunjika na kidogo tu tumzike mtoto. Hilo nitakufa nalo.

Karatasi ya pili ndani ya bahasha hii ni ya kaka. Msomee wewe, kwa sauti, mahali ambapo hapana watu. Nimemwambia yote. Nimemwambia Kiroboto atolewe sadaka kwa wale wauguzi, na sehemu yangu naitoa na yake namwomba. Na nimemwambia asije. Nimemwomba asije.

Wewe na Chiriku mkapimwe macho. Usisubiri mkono upone. Nenda na mkono huo huo.

Baba yako mdogo


17 Novemba

Baba mdogo,

Shikamoo, na hii inatoka moyoni.

Mkono unanyooka, si wote. Kiwiko kimegoma kidogo mwishoni. Kwa mashuka wamenirudisha, wameniweka upande wa pasi badala ya kufua, nashukuru. Chiriku yuko salama, anasoma, ameota jino moja.

Ile karatasi yake nilimsomea Baba siku ya mapumziko, uani, mtoto yuko kwa jirani. Nilianza nikidhani atanikatiza. Hakunikatiza. Nilipofika kwa yule karani akanisimamisha akasema nisome tena pale. Nikasoma tena. Akacheka, unajua anavyocheka, mabega yakapanda, na kabla hayajashuka kicheko kikageuka kitu kingine. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata kwenye msiba wa Mama. Alilia kwa sauti, kama mtu anayeitwa mbali na kuitikia.

Aliponyamaza akasema, "Amekaa gizani muda wote huu, peke yake?"

Nikamwambia ndiyo.

Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, si mbali, goti langu linakaribia lake. Akatazama mbele, kwenye ukuta, akasema, "Inua mkono wako mzima."

Nikainua.

"Umeinua?"

"Nimeinua, Baba. Uko hapa."

Akapapasa hewani. Halafu akasema, "Siuoni. Wala wewe sikuoni. Nilikuwa naendesha kwa sauti yako tu." Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake. Kisha akaulizia mahali alipoangukia Chiriku siku ile. Nikamshika mkono nikampeleka. Alichuchumaa akagusa mchanga, akakaa pale mpaka miguu ikamfa ganzi, ikabidi nimwinue.

Kesho yake nilitaka kwenda kumwita Sista. Baba akasimama na funguo mkononi akasema atalipeleka mwenyewe, mara ya mwisho, mimi nikae pembeni. Nikamwambia hapana. Baba mdogo, sijawahi kumwambia Baba hapana maishani. Tulisimama hivyo. Mwishowe akanyoosha mkono kuutafuta wangu, akaziweka funguo zote mbili kiganjani mwangu, ile ya kila siku na ile ya akiba aliyokuwa ameifunga kwenye kona ya leso.

Walikuja siku ya pili, Sista na dereva wao. Baba alikuwa amemwosha Kiroboto tangu alfajiri, kwa mikono, sehemu kwa sehemu, na pale alipopasahau hakuna aliyemwambia. Alimweleza dereva kila kasoro: mlango wa kushoto unataka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge, gia ya pili usiilazimishe, iombe. Sista alitaka kumshukuru kwa maneno marefu, Baba akamwambia, "Sitoi kwa wema, Sista. Natoa kwa hofu. Kama Mungu anapokea na hiyo, basi." Sista akasema hata hofu inabeba mgonjwa. Dereva akaliwasha. Baba alisimama akilisikiliza mpaka kona ya mwisho, na hata lilipokwisha kusikika, sisi wengine tumeshaingia ndani, yeye bado alikuwa amesimama.

Sitakudanganya kwamba tangu hapo ni furaha. Siku nyingi hakutoka chumbani. Chakula kilirudi kama kilivyokwenda. Aliniuliza mtu asiyeendesha na asiyebeba anaitwa nani. Siku moja Sista alipita kutujulia hali akasema mtungi wa hewa umefika kwa mgonjwa wa bondeni mchana ule ule ulioombwa. Usiku ule Baba alikula.

Macho tumepima, sote watatu, kwenye benchi moja. Baba amebakiwa na kitundu cha katikati, kama anachungulia kwenye bomba. Amepewa matone, anayatia mwenyewe, hakubali kusaidiwa. Chiriku hana kitu, atapimwa kila mwaka. Mimi imeanza. Imeanza tu, jicho la kulia, pembeni kabisa, nisingejua kwa miaka mingi. Daktari ameniambia nikishika dawa nitazeeka nikiona. Akauliza nani aliyenituma mapema hivi, maana watu hufika kwake wakiwa wameshikwa mkono. Nikamwambia nina baba wawili. Nilitoka nje nikajificha nyuma ya ukuta wa zahanati nikalia mpaka machozi yakaisha, kisha nikanawa uso, nikawachukua wangu tukarudi.

Sasa neno la Baba, nalileta kama alivyolitoa. Ulimwomba asije, naye amekubali haji. Anasema, "Basi aje yeye." Amekwisha hamisha kitanda chake upande wa ukuta ili chako kikae dirishani. Nilipomwambia kwamba dirisha halina maana kwako akasema upepo je, na upepo nao si wa wenye macho peke yao.

Mwalimu akupandishe basi la asubuhi, amwambie kondakta. Msalimie sana, mwambie simdai chozi. Siku hiyo nimeomba ruhusa kazini, nitakuwa stendi kabla ya basi. Likisimama wewe shuka, weka mzigo wako chini, usimame hapo hapo. Usimtafute mtu, usiulize mtu. Nitakuona mimi.

Binti yako